Kesi ya watu nisiowajua inaamuaje kesi yangu?

Msomaji mmoja anayeuza nguo Gikomba ameniandikia hivi:

"Wakili, habari ya kazi. Mwaka wa 2008 mimi na marehemu mume wangu tulinunua ekari moja upande wa Kajiado. Tulilipa pesa zote, mzee aliyetuuzia akatuonyesha mipaka, tukajenga na tunaishi hapo hadi leo. Hati ilibaki kwa jina lake na kwa bodi ya ardhi hatukuwahi kwenda. Mzee alifariki, na sasa watoto wake wametushtaki katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi wakitaka tuhame. Juzi wakili wao alimpa jaji hukumu ya watu wengine kabisa, akasema hiyo inamaliza mambo. Wakili wangu naye akatoa hukumu nyingine, ya mahakama ileile, inayosema kinyume. Naomba unieleze: kesi ya watu nisiowajua inaamuaje kesi yangu? Na hukumu mbili zikipingana, jaji anafuata ipi?"

Dada yangu, kwanza pole kwa kuondokewa na mwenzako, na pole kwamba kesi imekukuta ukiwa peke yako. Maswali yako mawili yanagusa moyo wa mfumo wa sheria tunaoutumia Kenya. Nitayajibu nikiwa na kesi yako mbele yangu, maana mambo haya hayashikiki yakielezwa hewani.

Matokeo ya kesi ile hayakuhusu. Walioshinda ni wao na walioshindwa ni wao. Kinachotoka kwenye kesi yao na kuingia kwenye yako ni ile sababu ya kisheria ambayo majaji walilazimika kuitegemea ili wafike walikofika. Ikiwa sababu hiyo ilitolewa na mahakama iliyo juu ya jaji wako, inamfunga, hata kama yeye mwenyewe angependa kuamua vingine. Ndiyo maana mawakili huingia kortini na vitita vya hukumu, kurasa zimepakwa wino wa manjano penye aya wanazozitaka. Wakili akisema hukumu fulani inamaliza mambo, jaji mzuri atamuuliza aya ya ngapi, na atataka kujua nini hasa kilikuwa kimetokea kati ya watu wale.

Kwa nini tufungwe na maneno ya majaji waliotutangulia? Ibara ya 27 ya Katiba inasema kila mtu ni sawa mbele ya sheria. Majirani wawili walionunua mashamba kwa mzee mmoja, kwa masharti yaleyale, hawawezi mmoja kubaki na mwingine kufukuzwa kwa sababu tu faili zao ziliangukia kwa majaji tofauti. Tena mtu anayenunua shamba leo anahitaji kujua leo sheria inasemaje, asingoje hadi siku atakaposhtakiwa. Na Bunge haliwezi kuandika sheria ya kila tukio. Maneno ya sheria hupata maana yake kamili yanapokutana na watu na mali zao, na mahali pa kukutana huko ni kortini.

Sisi tuliurithi utaratibu huu kwa Waingereza. Sheria ya Mahakama, Sura ya 8, kifungu cha 3, bado inataja tarehe 12 Agosti 1897 kama siku ambayo sheria za jumla zilizokuwa zikitumika Uingereza zilihesabiwa kuwa sehemu ya sheria zetu, pamoja na kanuni zilizotokana na hukumu za mahakama zao, ila kwa kadiri hali ya Kenya na watu wake inavyoruhusu. Sharti hilo la mwisho husahaulika, nami huona ndilo muhimu kuliko yote. Hukumu inayotoka London leo haimfungi hakimu yeyote wa Kenya. Inaweza kumshawishi, kama inavyoweza kumshawishi hukumu nzuri kutoka Kampala, Pretoria au New Delhi, basi.

Sasa ngazi yenyewe. Juu kabisa ipo Mahakama ya Juu, na hapa Katiba haikuacha nafasi ya kubishana: Ibara ya 163(7) inasema mahakama zote nyingine zinafungwa na maamuzi yake. Chini yake ipo Mahakama ya Rufaa. Kisha inakuja Mahakama Kuu, na sambamba nayo, kwa hadhi sawa, Mahakama ya Mazingira na Ardhi pamoja na ile ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Mahakama za mahakimu na za makadhi ziko chini ya hapo. Uamuzi hufunga kwenda chini. Jaji wako anafungwa na Mahakama ya Juu na Mahakama ya Rufaa. Hafungwi na jaji mwenzake wa Milimani au Eldoret, ingawa atamheshimu, na akitofautiana naye anapaswa kueleza kwa nini. Uamuzi wa hakimu haumfungi mtu yeyote nje ya kesi hiyo, hata ukiandikwa kwa ufundi wa namna gani.

Kwa hiyo jambo la kwanza la kuangalia kwenye hukumu uliyoletewa ni mahakama iliyoitoa. Hukumu zetu husomwa bure kwenye tovuti ya Kenya Law, na siku hizi kila moja ina herufi zinazoitambulisha: KESC ni Mahakama ya Juu, KECA ni ya Rufaa, KEHC ni Mahakama Kuu, KEELC ni ya Mazingira na Ardhi. Umeniambia hukumu zote mbili zimetoka mahakama moja. Nikilinganisha na ugomvi ulionisimulia, nina hakika ni za Mahakama ya Rufaa, na zote mbili zinamfunga jaji wako. Hapo ndipo kazi inapoanza.

Lakini kabla ya kufika huko, elewa jambo moja ambalo hata mawakili huteleza nalo: si kila sentensi ya hukumu inayofunga. Jaji anaweza kuandika kurasa arubaini. Ndani yake kuna historia, kuna hoja za pande mbili, kuna mawaidha, kuna "hata kama mambo yangekuwa vinginevyo ningesema hivi." Hayo yote ni maneno ya pembeni. Yana uzito wa heshima tu. Kinachofunga ni ile sababu ambayo ukiiondoa uamuzi unabaki hauna msingi.

Kesi ya Muruatetu, mtu aliyehukumiwa kifo kwa mauaji, inaonyesha jambo hili kuliko nyingine yoyote ninayoijua. Kwa miaka mingi kifungu cha 204 cha Kanuni ya Adhabu kilimlazimisha jaji kutoa hukumu ya kifo kwa kila aliyepatikana na hatia ya mauaji, bila kujali alivyoua au maisha yake yalivyokuwa. Mwaka wa 2010 Mahakama ya Rufaa, ikiketi Mombasa, ilisema ulazima huo haufai. Mwaka wa 2013 jopo la majaji watano wa mahakama hiyohiyo likasema unafaa. Watu waliohukumiwa baada ya hapo walijikuta upande wa pili wa mstari uliochorwa upya. Hatimaye tarehe 14 Disemba 2017, katika kesi hiyo ya Muruatetu, Mahakama ya Juu ikaamua kwamba ulazima ule unavunja Katiba, kwa kuwa unamnyima mtu haki ya kusikilizwa kuhusu adhabu yake na unamfunga jaji mikono. Adhabu ya kifo yenyewe haikufutwa. Kilichoondoka ni neno "lazima".

Mara tu baada ya hapo maombi yakamiminika kortini. Waliofungwa kwa wizi wa mabavu walisema: sisi nasi tulihukumiwa kifo kwa lazima, kwa nini sababu ile isitufikie? Wakafuata waliofungwa chini ya Sheria ya Makosa ya Kingono, ambayo imeweka vifungo vya chini visivyoweza kupunguzwa. Majaji wengi waliwakubalia. Tarehe 6 Julai 2021 Mahakama ya Juu ikatoa maelekezo: uamuzi wa 2017 ulihusu mauaji chini ya vifungu vya 203 na 204 peke yake. Anayetaka sheria nyingine iangaliwe alete kesi inayohusu sheria hiyo, ianzie Mahakama Kuu, ipande ngazi kama nyingine. Na mwaka wa 2024, Mahakama ya Rufaa ilipokuwa imepunguza kifungo cha mtu katika kesi ya unajisi, Mahakama ya Juu ilikitengua kile kipunguzo na kurudia kwamba Muruatetu haikugusa vifungo vya chini.

Mimi naona Mahakama ya Juu ilikuwa sahihi kuhusu utaratibu. Kesi iliyoletwa mbele yake ilihusu kosa moja, hoja zilizosikilizwa zilihusu kosa moja, na mahakama inapojibu swali ambalo hakuna aliyeliuliza, walioathirika wanakuwa hawakupata nafasi ya kusema. Ila kuhusu wizi wa mabavu sijaridhika. Kifo cha lazima ni kifo cha lazima, na ile sababu kuhusu haki ya kusikilizwa inaingia hapo bila kusukumwa. Zaidi ya miaka mitatu ilikuwa mirefu mno kuwaacha majaji wa nchi nzima waisome hukumu moja kwa namna mbili. Aliyelipa gharama ya kuchelewa huko ni mfungwa aliyepunguziwa adhabu mwezi Juni na mwenzake wa seli hiyohiyo aliyekataliwa mwezi Agosti.

Turudi Kajiado. Sheria ya Udhibiti wa Ardhi, Sura ya 302, inasema uuzaji wa ardhi ya kilimo katika eneo linalodhibitiwa unahitaji kibali cha bodi, na maombi yanapaswa kupelekwa ndani ya miezi sita tangu mkataba ufanywe. Bila kibali, kifungu cha 6 kinasema mauziano ni batili kwa kila hali. Kifungu cha 7 kinamruhusu mnunuzi kudai pesa zake kama deni. Kifungu cha 22 kinaenda mbali zaidi: kulipa, kupokea pesa au kubaki kwenye ardhi kwa kuendeleza mauziano yaliyobatilika ni kosa la jinai.

Mwaka wa 2014 Mahakama ya Rufaa ilitoa hukumu mbili juu ya sheria hiyo. Moja ilisema mwenye shamba aliyepokea pesa na kumweka mnunuzi kwenye ardhi hawezi kugeuka baadaye na kujificha nyuma ya bodi. Amekuwa kama mdhamini anayemshikia mnunuzi ile ardhi, na mahakama itaitambua amana hiyo hata kama hakuna aliyeiandika. Nyingine ilisema Bunge limeshatamka, na limetamka wazi: batili ni batili, dawa ya mnunuzi ni kurudishiwa pesa, na kanuni za usawa, yaani za haki na uungwana, haziwezi kufufua kitu ambacho sheria imekiua. Bila shaka wakili wa watoto wa mzee ameshika hii ya pili, na wako ameshika ya kwanza.

Ukizisoma zote mbili utaona hakuna iliyoandikwa kizembe. Ya pili ina nguvu ya maneno ya sheria. Ya kwanza ina nguvu ya maisha yalivyo: maelfu ya Wakenya wamenunua ardhi kwa mkataba wa ukurasa mmoja uliotiwa sahihi mbele ya mzee wa kijiji, na kurudishiwa bei ya 2008 leo ni kupokonywa shamba huku ukipewa nauli.

Jaji akikuta hukumu mbili za juu zinazopingana hana ruhusa ya kuzipuuza zote na kutunga ya kwake. Anachagua, na anaeleza alivyochagua. Huangalia kama moja ilitolewa baada ya kuifikiria nyingine na kuikataa, au kila moja ilikwenda njia yake bila kumjua mwenzake. Huangalia idadi ya majaji, kwa kuwa Mahakama ya Rufaa kwa kawaida huketi watatu na jopo la watano huwa limekaa makusudi ili kunyoosha jambo. Huangalia kama moja ilisahau sheria au uamuzi uliokuwa ukiifunga, maana hukumu iliyotolewa kwa kusahau hupoteza nguvu. Na huangalia mahakama hiyo imesema nini tangu hapo. Kwenye jambo lako imesema: mwaka wa 2018, ikiketi Eldoret, Mahakama ya Rufaa ilizipima njia zote mbili ikaungana na ile ya kwanza, ikitegemea Ibara ya 10 ya Katiba inayotaja usawa kati ya maadili ya taifa yanayomfunga kila anayetafsiri sheria. Kama hukumu hiyo haimo kwenye kitita cha wakili wako, mwambie aiweke leo.

Usidhani basi umeshinda. Upande wa pili utafanya kile ambacho mimi ningekifanya nikiwa wakili wao: hautasema hukumu ya 2018 ni mbaya, utasema kesi yako haifanani nayo. Huu ndio ufundi mkubwa wa mawakili, na jaji akikubaliana nao anaiweka hukumu kando bila kuivunja. Watauliza kama mlimaliza kulipa. Watauliza nani aliwaingiza shambani, mzee mwenyewe au mliingia tu. Watauliza kama mzee aliwahi kuahidi kwenda bodi au alikataa tangu mwanzo, na kama mlikaa kimya miaka yote au mlimkumbusha. Kila jibu linakusogeza karibu na kesi ile au linakuweka mbali nayo. Kwa hiyo risiti za benki, mkataba wenye sahihi, picha za ujenzi na jirani aliyekuwepo siku ya kupima mipaka vina thamani kubwa kuliko kurasa hamsini za hoja.

Nawe unaweza kutofautisha. Sheria ile inahusu ardhi ya kilimo. Ardhi iliyo ndani ya manispaa au mji kwa kawaida haihesabiwi hivyo. Sehemu nyingi za Kajiado zimebadilika sana, na mwaka wa kuangaliwa ni ule wa mauziano. Ikiwa ekari yako haikuwa ardhi ya kilimo kwa maana ya sheria, hukumu zote mbili za 2014 zinaondoka mezani, maana kibali hakikuhitajika. Muulize wakili wako pia kuhusu kudai umiliki kwa kukaa kwenye ardhi kwa miaka 12: Mahakama ya Rufaa ilisema mwaka wa 1984 kwamba kwa mnunuzi muda huo huanza kuhesabiwa siku aliyomaliza kulipa. Ni hoja yenye masharti yake, na inapaswa kuombwa rasmi, isichomekwe mwishoni.

Watu huniuliza kama utaratibu huu hautufungi kwa makosa ya zamani milele. Unaweza, kwa muda mrefu sana. Mwaka wa 1972 na tena 1973 Mahakama Kuu iliamua kwamba ardhi ikishasajiliwa kwa jina la mtu mmoja, haki za kimila za jamaa zake zinazimika. Fikiria boma ambalo baba alikuwa kazini Nairobi na kaka mkubwa akasajiliwa kwa niaba ya wote, kisha kaka akaamka siku moja na kusema ni yangu. Familia ngapi zilivunjika hapo, hakuna anayejua. Mahakama zilianza kuulegeza msimamo huo kidogo kidogo, na mwaka wa 2004 Mahakama ya Rufaa ilitambua amana ya kimila kwa mtoto dhidi ya baba yake. Lakini ilipofika 2018 tu ndipo Mahakama ya Juu, katika kesi iliyotoka Meru, ilipotamka kwa nguvu inayomfunga kila jaji kwamba usajili haufuti amana ya kimila, na kwamba anayeidai si lazima awe anaishi juu ya ardhi hiyo. Zaidi ya miaka arubaini. Naamini katika uthabiti wa sheria, na bado muda huo unanikera.

Waingereza wenyewe waliwahi kuujaribu ugumu wa kupindukia. Mwaka wa 1898 mahakama yao ya juu, House of Lords, ilijifunga na maamuzi yake yenyewe, ikajifungua mwaka wa 1966. Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki, iliyokuwa na makao yake hapa Nairobi, ilifuata mkondo huohuo mwaka wa 1970. Mahakama yetu ya Juu nayo inaweza kuacha uamuzi wake wa awali, ila imeshasema haitafanya hivyo kwa wepesi.

Ukishindwa mbele ya jaji huyu, notisi ya rufaa inapaswa kuwasilishwa ndani ya siku 14 tangu uamuzi, na kumbukumbu za rufaa ndani ya siku 60 baada ya notisi. Kutoka Mahakama ya Rufaa kwenda Mahakama ya Juu hakuna njia ya moja kwa moja kwa kesi ya kawaida ya shamba. Unahitaji kuthibitishiwa kwamba jambo lako lina umuhimu kwa umma mzima. Hukumu zinazopingana ni miongoni mwa sababu ambazo mahakama hiyo imeshazitaja kuwa zinaweza kufungua mlango huo, kwa hiyo wakili wako aiweke hoja ya mgongano kwenye maandishi yake tangu sasa, ionekane kwenye kumbukumbu kwamba iliibuliwa mapema. Na rufaa peke yake haizuii mtu kukuhamisha. Ombi la kusitisha utekelezaji liwe limeandikwa tayari kabla siku ya hukumu haijafika, liombwe kwa mdomo palepale jaji akimaliza kusoma, kisha liwasilishwe rasmi siku hiyohiyo.